Medali hailipi karo: Mwanasoka afuate pesa au mataji?

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Kalamba, Kaunti ya Makueni, ule msimu ambao maembe huanguka juu ya bati usiku kucha hadi mgeni anadhani nyumba inapigwa mawe. Jumamosi moja jioni tulikuwa tumebanana kwenye kibanda cha kuonyesha mpira pale sokoni. Mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza ilipofika mapumziko, hakuna aliyeijadili. Zogo lililozuka ni lile lile la kila msimu wa uhamisho: klabu yenye hela na klabu yenye mataji zikimwita mchezaji siku moja, aende wapi?

“Pesa,” akasema mwendesha bodaboda mmoja aliyevaa jezi ya Arsenal iliyochakaa. “Medali hailipi karo.”

“Sasa wewe shabiki wa Arsenal utajua medali inafanana vipi?” mwingine akamrukia, na kibanda kizima kikaangua kicheko.

Cristiano Ronaldo akatajwa, kama kawaida. Huyo hana ubishi. Alitia wino mkataba wa Al-Nassr ya Saudi Arabia mwishoni mwa 2022 akiwa na umri wa miaka 37, kabati lake la mataji limejaa hadi mlango haufungiki. Mtu wa umri huo akifuata hela, nani atamlaumu? Ubishi mtamu ulikuwa juu ya Gabri Veiga, yule kiungo Mhispania aliyeondoka Celta Vigo mwaka wa 2023 kwenda Al-Ahli ya Saudi akiwa na miaka 21 tu. Toni Kroos aliandika mtandaoni kwamba ni aibu. Veiga alikaa misimu miwili, klabu ikatwaa ubingwa wa Asia mwaka wa 2025, kisha akarudi Ulaya kuchezea Porto. Amerudi na pesa na medali. Aibu iko wapi?

Halafu kuna Kylian Mbappé, aliyekataa hata kukutana na watu wa Al-Hilal walipotoa ofa ya Euro milioni 300 kwa PSG mwaka huo huo wa 2023. Mwaka uliofuata alienda Real Madrid, na kila mtu alijua anafuata Ligi ya Mabingwa. PSG wakaitwaa 2025, yeye hayupo. Hapo kibanda kikacheka tena.

Aliyekaa kimya ni binamu yangu. Ana miaka 20, winga wa kushoto, mguu wenyewe ni wa hatari. Wiki hiyo alikuwa na simu mbili ambazo hakuwa ameniambia bado. Moja ilitoka kwa mtu wa timu ya askari: njoo ufanye majaribio, ukipita, kuna uwezekano wa kuajiriwa. Ya pili ilitoka kwa klabu ya Nairobi yenye jina na mashabiki wanaojaza uwanja. Nao wanamtaka majaribio. Kuhusu mshahara, waliniambia baadaye kwa maneno yake mwenyewe: “Kaka, walisema tutaongea.”

Kwa hiyo wenzake walipokuwa wanatetea Ronaldo na Mbappé, yeye alikuwa anapiga hesabu zake.

Mkenya ambaye hadithi yake inafaa kusomwa polepole katika jambo hili ni Michael Olunga. Mashabiki humwita Engineer, na si jina la mtaani tu: mwanamume alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya huku akifunga mabao. Mwaka wa 2015 alikuwa fowadi wa Gor Mahia iliyotwaa ligi bila kupoteza mechi hata moja. Mwaka uliofuata akayoyomea Uswidi kuchezea Djurgården, na huko pia akafunga. Njia ilionekana wazi kabisa. Uswidi leo, kesho Uholanzi au Ujerumani, keshokutwa Uingereza.

Badala yake, mwanzoni mwa 2017, akaenda China.

Kumbuka China ya wakati ule ndiyo Saudi ya sasa. Oscar alikuwa ametoka Chelsea kwenda Shanghai, Carlos Tevez naye yuko huko huko, na mishahara ilikuwa inatajwa kwa tarakimu za kuchekesha. Olunga alijiunga na Guizhou Zhicheng, klabu iliyokuwa imepanda daraja. Wengi wetu tulishika vichwa. Kijana wa miaka 22 anafuata nini China? Kisha mambo yakageuka kabla hata hajazoea chakula: wasimamizi wa soka wa China walipunguza idadi ya wachezaji wa kigeni wanaoruhusiwa kucheza mechi moja hadi watatu. Ukiwa mgeni kutoka Kenya unayegombea nafasi tatu, unajua benchi ni ya nani.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Hakukaa pale kuhesabu mshahara. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Uhispania kwa mkopo, Girona, ambao ndio kwanza walikuwa wamepanda La Liga. Hakucheza sana, lakini tarehe 13 Januari 2018 alifunga mabao matatu dhidi ya Las Palmas katika ushindi wa 6-0. Kisha Japan, Kashiwa Reysol. Klabu ikashuka daraja mwaka huo huo wa 2018. Wengi wangepiga simu kwa ajenti usiku ule ule. Olunga akabaki, akacheza daraja la pili mwaka wa 2019, na mnamo Novemba akafunga mabao manane katika mechi moja dhidi ya Kyoto Sanga. Manane! Mechi iliisha 13-1. Kashiwa wakarudi ligi kuu, na mwaka wa 2020 akafunga mabao 28, akawa mfungaji bora na Mchezaji Bora wa Mwaka wa ligi ya Japan.

Na baada ya hapo? Qatar. Januari 2021, Al-Duhail.

Nakumbuka hasira za mashabiki mtandaoni. Miaka 26, mchezaji bora wa Japan, halafu unaenda jangwani? Mimi mwenyewe niliandika maneno ambayo leo nisingependa uyatafute. Lakini tazama kilichofuata. Alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Qatar, akatwaa ubingwa na Al-Duhail msimu wa 2022/23, akaendelea kuwa nahodha wa Harambee Stars, na sehemu ya pesa zake ikaanzisha akademia ya MOFA ambayo timu yake imecheza ligi ya daraja la pili hapa Kenya. Kuna vijana wanaokula, kulala na kucheza pale kwa sababu mtu mmoja alichagua klabu inayolipa.

Kuna kitu tulikosa, sitaficha. Hatutawahi kujua kama Olunga wa 2020 angefunga mabao kumi na tano Ujerumani au Uingereza. Swali hilo litabaki nasi kama mfupa kooni, na mimi ni mmoja wa wanaolimeza kila wikendi. Hata hivyo ukiangalia safari yake yote, utaona kitu ambacho zogo la kibandani huwa halikigusi. Kila alipokwenda, isipokuwa China na kwa kiasi fulani Girona, alikwenda mahali atakapocheza. Na kwa sababu alicheza, kila mara kulikuwa na mtu mwingine anayemtaka.

Upande wa pili wa hadithi ni benchi.

McDonald Mariga ana medali ambayo hakuna Mkenya mwingine anayo. Alijiunga na Inter Milan kutoka Parma Januari 2010, baada ya Manchester City kushindwa kumpatia kibali cha kazi, na miezi minne baadaye Inter wakatwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mbele ya Bayern Munich. Fainali aliitazama akiwa benchi. Baadaye majeraha yakamwandama, na hakuwahi kuwa mchezaji wa kila wiki Inter. Ni taji kubwa kuliko yote, na hakuna atakayemnyang'anya. Lakini ukimuuliza shabiki wa Kenya akukumbushe siku moja ambayo familia hiyo ilitufanya tupige mayowe, hatakutajia Mariga kwenye benchi la Madrid. Atakutajia ndugu yake mdogo, Victor Wanyama, akiifunga Barcelona kwa kichwa Novemba 2012, Celtic wakishinda 2-1.

Huyo Wanyama naye ni darasa. Medali zake za ligi ni za Scotland. Alipohamia Southampton 2013 kwa pauni milioni 12.5, akawa Mkenya wa kwanza kucheza EPL, na mtu mwenye wivu angesema amefuata hela kwenye klabu isiyoshinda kitu. Kisha Tottenham, 2016. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi 36 za ligi na Spurs wakamaliza wa pili. Baadaye goti, nafasi ikapungua, na tarehe 1 Juni 2019, fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Liverpool, alikuwa benchi. Aliyefunga bao la pili la Liverpool usiku ule ni Divock Origi, Mbelgiji kwa pasipoti lakini mwana wa Mike Okoth wetu, fowadi wa zamani wa Harambee Stars. Damu ya Kenya ilikuwa pande zote mbili za uwanja; mmoja anafunga, mwingine amevaa bibu.

Mwaka wa 2020 Wanyama alienda Montreal, ligi ya Marekani. Mshahara wake, kwa orodha ambazo chama cha wachezaji wa ligi hiyo huzichapisha wazi, ulizidi dola milioni 3 kwa mwaka. Alicheza karibu kila wiki. Halafu mwaka wa 2025, mifuko imetulia, alirudi Scotland kwa miezi michache kuchezea Dunfermline ya daraja la pili kwa sababu kocha alikuwa Neil Lennon, aliyemlea Celtic. Hapo hakukuwa na hela ya maana wala taji. Alitaka tu kucheza kwa mzee wake.

Na Origi? Shujaa wa 2019 alijiunga na AC Milan 2022 kwa mkataba mnono wa miaka minne. Msimu mzima wa 2024/25 hakuichezea Milan hata dakika moja. Mshahara ulikuwa unaingia. Sitamhukumu, mkataba ni mkataba, na klabu ndiyo iliyouandika. Lakini fikiria kuwa na miaka 29, mwili mzima, na Jumamosi huna pa kwenda.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo hesabu inapogeuka.

Ulaya, klabu tajiri na klabu yenye mataji huweza kuwa mbili tofauti, ndiyo maana mchezaji anateseka kuchagua. Kwetu, tatizo ni kwamba klabu yenye mataji mara nyingi ndiyo yenye madeni. SportPesa walipoondoka mwaka wa 2019, klabu za jamii zikabaki kuishi kwa kudra na kwa michango. Mwaka wa 2023 Gor Mahia walikuwa mabingwa wa Kenya na bado wakanyimwa nafasi katika Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha wa zamani. Yaani umejitoa, umecheza msimu mzima kwa ahadi, umeshinda taji, na kwa sababu wenzako waliokutangulia hawakulipwa, taji lako halikufikishi popote. Kwa mchezaji wa Kenya, “kufuata mataji” kunaweza kumaanisha kukosa vyote viwili.

Ndiyo maana wengine wakapanda basi kwenda Dar es Salaam. Meddie Kagere alitoka Gor 2018 kujiunga na Simba, akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo. Francis Kahata akamfuata 2019, beki Joash Onyango 2020. Majirani walikuwa wanalipa, na kwa kuwa wanalipa, walikuwa wanashinda: Simba wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mara kadhaa, Yanga wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2023. Waliofuata shilingi za Tanzania wakajikuta wanacheza mechi za robo fainali usiku mbele ya umati. Nani anaweza kuwaambia walichagua pesa badala ya mafanikio?

Wanaobaki wana mlango mwingine, ambao mashabiki wa Nairobi huudharau: timu za taasisi. Ulinzi Stars ya jeshi. Kenya Police. KCB, Bandari, Tusker. Timu hizi hazina nyimbo nyingi, na uwanja wao siku nyingine una watu wachache kuliko mazishi ya kijijini. Lakini mwisho wa mwezi simu inalia. Ulinzi walitwaa ligi mara tatu mfululizo kuanzia 2003, kisha tena 2010. Kenya Police wakaitwaa kwa mara ya kwanza msimu wa 2024/25. Tena pesa na taji vimekaa meza moja.

Ukitoka Ukambani, timu ya askari ina uzito ambao kijana wa Nairobi hawezi kuuelewa. Tangu enzi za KAR, Mkoloni aliandikisha Wakamba kwa wingi jeshini na polisi, na ukoo ambao hauna mstaafu mmoja wa jeshi hapa Makueni au Kitui ni wa kutafuta kwa tochi. Babu mwenye pensheni ni taasisi. Siku ya kuandikisha makurutu, vijana hufika uwanjani alfajiri kwa maelfu, wengine wametembea usiku. Sasa fikiria unaambiwa mguu wako wa kushoto unaweza kukupa kile ambacho wale maelfu wanakipigia foleni. Hiyo klabu yenye nyimbo itasema nini mbele ya mama yako?

Mama mdogo, yaani mama yake binamu yangu, alikuwa na jibu lake na hakulificha. Jumapili asubuhi tulikuwa tunachagua maembe chini ya mti, yaliyoiva huku, yenye alama kule. Kijana akamwambia, “Mwaitu, ile timu nyingine ina jina.”

“Jina la nani?” akauliza mama, bila kuinua kichwa.

Mimi, kwa ule ujuaji wa watu wa mjini, nikaingilia. Nikasema kwamba tatizo la wachezaji wetu ni kuuza embe likiwa bichi. Wangengoja kidogo, thamani ingepanda. Nilidhani nimesema jambo la maana sana.

Mama mdogo akaniangalia kama mtu anayeangalia mgeni aliyekanyaga mche. “Dalali hufika hapa kabla embe halijaiva,” akasema. “Analipa bei ya kudharau, kwa kila embe, bila kupima. Unadhani naliuza kwa sababu sijui bei itapanda? Naliuza kwa sababu Januari shule zinafunguliwa.”

Sikuwa na la kujibu. Tukaendelea kuchagua.

Baadaye akaongeza jambo moja ambalo nimelitafuna tangu siku hiyo. Kaunti ilifungua kiwanda cha kusindika matunda hapa hapa Kalamba mwaka wa 2017, kile kinachosaga embe kuwa rojo. Watu wa mjini hukisifu kwa sababu ya rojo. Yeye hana habari na rojo. Alichokipenda ni kwamba dalali alipokuja baada ya hapo, alikuta mkulima ana pa kumwambia, “Basi acha, nitapeleka kwingine.” Mti ni ule ule, embe ni lile lile, lakini sasa kuna mnunuzi wa pili.

Nadhani hapo ndipo zogo letu la kibandani linapopotea njia. Tunamuuliza mchezaji kama anapenda pesa au anapenda mataji, kana kwamba ni suala la tabia yake. Mbappé anaweza kukataa Euro milioni 300 kwa sababu dunia nzima inamtaka; kukataa hakumgharimu chakula. Olunga aliweza kutoka China kwa sababu Girona walikuwa wanamtaka. Ryan Ogam aliweza kuchagua Wolfsberger ya Austria Agosti 2025 kwa sababu wiki zile zile alikuwa ameifunga Morocco pale Kasarani katika CHAN, bao pekee la mechi, nchi nzima na mawakala wote wakimtazama. Mwenye mnunuzi mmoja hana cha kuchagua, hata tukimhubiria vipi kuhusu ndoto.

Na kinacholeta mnunuzi wa pili ni dakika uwanjani. Ndiyo sababu siamini kwamba kosa la mchezaji mchanga ni kufuata hela. Kosa ni kufuata hela hadi mahali asipocheza. Akiwa na miaka 20 na akakaa benchi misimu miwili kwa mshahara mzuri, simu zinaacha kulia, na siku mkataba ukiisha anajikuta na yule dalali mmoja, kabla embe halijaiva. Kosa hilo hilo linafanyika kwa jina la mataji pia. Kuna vijana wengi wamepiga picha na jezi ya klabu kubwa ya Nairobi, wakaketi benchi msimu mzima bila mshahara, na hatukuwahi kuwasikia tena.

Timu ya askari nayo ina bei yake, na wanaoitetea huwa hawaitaji. Mwanajeshi hahami klabu kama raia. Ukishakuwa umeapa, siku Austria wakipiga simu, anayeamua si wewe na ajenti wako tu. Umepata mshahara, matibabu na pensheni, na umeweka mguu wako wa kushoto mahali ambapo mnunuzi wa pili atapata taabu kuufikia. Kwa wengi hilo ni bei nafuu kabisa. Soka ya Kenya ina wazee wengi wanaotukumbusha kwa nini. Joe Kadenge, yule ambaye jina lake liligeuka msemo, “Kadenge na mpira”, uzeeni aliendesha teksi Nairobi, na alipougua kabla ya kufariki mwaka wa 2019, bili zake za hospitali zikawa habari za magazeti. Gor Mahia ya 1987 ilituletea Kombe la Washindi Afrika, taji pekee la bara ambalo klabu ya Kenya imewahi kushinda. Kila mwaka tunawakumbuka mashujaa hao kwa picha mtandaoni. Picha haina gharama.

Sisi mashabiki tuna unafiki wetu katika jambo hili. Mchezaji akienda Qatar tunasema ameuza ndoto yetu. Ndoto yetu! Tunalipa nini? Mechi ya ligi yetu, watu wanaruka ukuta. Jezi tunanunua feki Gikomba. Halafu tunataka kijana wa miaka 23, mwenye ndugu wanne nyuma yake, akatae mshahara ili sisi tumwone kwenye televisheni ya kibanda akichezea timu inayotupendeza. Sisi wenyewe, tukipata kazi inayolipa mara mbili kwenye kampuni isiyo na jina, tunaandika barua ya kujiuzulu usiku huo huo.

Usiku wa mwisho kabla sijarudi Nairobi, binamu yangu alinisindikiza hadi barabarani. Alikuwa ameshika simu yenye kioo kilichopasuka, anatazama tena video ya Ogam dhidi ya Morocco. Akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelikwepa wiki nzima.

“Kaka, ungekuwa wewe?”

Nikamwambia ukweli. Ningeuliza kila upande maswali mawili. La kwanza: nani anacheza winga wa kushoto kwenu sasa hivi, ana umri gani? La pili: waliosajiliwa mwaka jana, wamelipwa hadi mwezi gani? Hilo la pili usimuulize kiongozi, waulize wachezaji wenyewe wakitoka mazoezini. Atakayekujibu vizuri maswali yote mawili, nenda huko, hata kama hana nyimbo. Na kabla ya kutia sahihi au kula kiapo, omba mtu akuelezee kwa lugha unayoielewa jinsi ya kutoka siku ukitaka kutoka.

“Na kama wote watajibu vibaya?”

“Basi maembe bado yapo,” nikasema, na akacheka kidogo tu, kile kicheko cha kumheshimu mkubwa.

Wiki ya pili ya Januari, nikiwa kwenye foleni ya matatu Nairobi, akanitumia ujumbe. “Kaka, nimeitwa majaribio Jumatatu. Naomba nauli.”

Nikamuuliza, “Wapi?”

“Kote kuwili. Moja asubuhi, nyingine saa nane mchana. Njumu ni zile zile.”

Nikamtumia nauli kwa M-Pesa, na mia mbili ya chakula juu yake, katikati ya mechi na mechi.